Ahadi ya Dakika Mbili: Je, Trela Inaweza Kusema Uongo?

Kuna swali ambalo limenikaa kichwani kwa muda, na najua baadhi yenu mtasema ni swali la mtu asiye na kazi. Swali lenyewe ni hili: je, trela ya filamu inaweza kusema uongo? Sizungumzii kutia chumvi. Kila mwenye biashara hutia chumvi, na anayeamini kwamba kila chungwa sokoni ni asali tupu, shauri yake. Nazungumzia uongo wenyewe, ule ambao ukimkamata nao mtu unajua amevunja kitu kilichokuwa kati yenu.

Kwa haraka jibu linaonekana rahisi. Trela hukatwa kutoka kwenye filamu yenyewe. Sura ni zilezile, nyumba ni zilezile, maneno ni yaleyale. Kipande cha kitenge kitadanganyaje kuhusu kitenge? Lakini ngoja kidogo. Nadhani kipande kinaweza kudanganya vizuri tu, na namna kinavyodanganya inatufundisha kitu sisi tunaopenda hadithi, ziwe za kwenye karatasi au za kwenye kioo.

Tuanze na neno. Trela tunaijua kutoka barabarani: ni lile linalovutwa nyuma ya lori. Kwenye sinema maana ilianzia hukohuko. Miaka ya mwanzo, huko Marekani, matangazo haya yaliwekwa mkiani, baada ya filamu kwisha. Mwaka 1913 Nils Granlund, aliyesimamia matangazo ya majumba ya maonyesho ya Marcus Loew, alitengeneza kipande kifupi cha kutangaza onyesho la muziki la jukwaani lililoitwa The Pleasure Seekers, na wengi hukitaja kama trela ya kwanza. Tatizo la kuweka tangazo mwishoni kila mtu analijua: filamu ikiisha watu wanasimama, wanatafuta viatu, wanaondoka. Basi trela ikahamishiwa mbele. Jina likabaki nyuma, mwili ukaenda mbele.

Hilo si jambo dogo. Kitu kinachokuja baada ya hadithi ni nyongeza. Kinachokuja kabla ya hadithi ni mlango, na mlango una kazi ya kukwambia unaingia kwenye nyumba ya namna gani.

Sasa hapa ndipo linapoingia suala la utanzu. Sisi wasomaji tumezoea kuzungumzia tanzu kama rafu za duka la vitabu: huku upelelezi, kule mapenzi, pale mambo ya kutisha. Mimi nauona utanzu kama maagizo ya moyo. Mtu akianguka kutoka kwenye ngazi katika kichekesho, tunacheka. Akianguka kutoka kwenye ngazi hiyohiyo katika tanzia, tunashika kichwa. Ngazi ni ile, mwili ni ule. Kilichobadilika ni moyo tuliokuja nao. Nani alituambia tuje na moyo upi? Kwa kitabu, ni jalada, sifa za mgongoni na ukurasa wa kwanza. Kwa filamu, mara nyingi ni trela. Ina dakika mbili hivi za kukwambia uje na moyo gani, na haina muda wa kukueleza kwa maneno. Kwa hiyo inatumia sikio na jicho.

Nasema sikio kwanza kwa makusudi. Aliyewahi kupita nje ya banda umiza anajua. Mlango umezibwa kwa turubai, huoni kitu, lakini kabla hujasoma ubao wa chaki umeshajua ndani kuna nini. Ngumi za Kichina zina mlio wake, kama mbao mbili zinazogongana. Filamu ya Kihindi unaijua kwa namna muziki unavyopanda pale mama anapomtambua mwanawe. Ya kutisha unaijua kwa kimya chake, maana ghafla hata banda zima linanyamaza. Jicho lina kope, unaweza kulifunga. Sikio halina. Ndiyo maana mtu anayeogopa filamu ya kutisha anajifunika uso na bado anaogopa.

Watengeneza trela wanalijua hili kuliko sisi. Chukua trela ya Alien ya mwaka 1979. Hakuna mtu anayezungumza mle ndani. Kuna yai linalopasuka, kuna watu wanaokimbia, na kuna mlio mmoja unaojirudia kama king'ora cha mahali ambapo hakuna wa kuja kuokoa. Mwishoni ndipo yanakuja maandishi, kwamba huko angani hakuna atakayekusikia ukipiga yowe. Hujui ni nani anamfukuza nani, wala jina la mtu yeyote. Lakini unajua kabisa uje na moyo gani.

Vichekesho vina hila yao: muziki wa furaha unakatika ghafla, na katika kile kimya mtu anasema neno la kipumbavu. Kisha jina la filamu linatokea, unadhani imeisha, kumbe kuna utani mmoja umebakizwa. Filamu za mapigano zinapiga ngoma, na kila pigo linaangukia kwenye badiliko la picha, mpaka mwili wako unaanza kufuata bila kukuomba ruhusa. Mwaka 2010 trela za Inception zilikuja na mlio mzito wa tarumbeta, kama honi ya meli kubwa inayoingia bandarini, na kwa miaka kadhaa baadaye kila filamu iliyotaka kuonekana nzito iliazima honi hiyo. Kabla ya hapo palikuwa na sauti ya binadamu. Don LaFontaine, Mmarekani aliyefariki 2008, alitia sauti yake nzito kwenye maelfu ya trela, na ile namna yake ya kuanza kwa kukwambia "katika dunia ambamo..." ikawa kama bismillahi ya sinema.

Jicho nalo halikuachwa. Rangi ya bluu iliyokufa inakwambia kuna maiti mahali. Rangi ya machungwa ya jioni inakwambia watu hawa watapendana. Herufi nene nyekundu kwenye weupe ni za vichekesho. Herufi nyembamba zenye vikofia, kama zilizochongwa kwenye jiwe, ni za wafalme na vita. Hata kasi ya kukata picha ni lugha: picha ikikaa muda mrefu tunatafakari, zikipita kama daladala zinazokimbizana tunashika viti. Na kuna ule weusi kati ya picha na picha, ambao kwenye mapenzi ni pumzi, na kwenye kutisha ni mahali pa kitu kujificha.

Basi, ikiwa hiyo ni lugha, inaweza kusema kweli na inaweza kusema uongo. Swali ni: uongo wake unakaa wapi?

Mrusi Lev Kuleshov alionyesha zamani sana kwamba uso uleule wa mwigizaji, ukiwekwa karibu na bakuli la supu, unaonekana una njaa. Ukiwekwa karibu na jeneza, unaonekana una huzuni. Uso haukubadilika. Mwaka 2005 kijana mhariri wa filamu huko New York, Robert Ryang, alilichukua wazo hilo akalipeleka mbali. Alichukua The Shining ya Stanley Kubrick, filamu ya mwaka 1980 kuhusu baba anayeshikwa na wazimu katika hoteli tupu na kutaka kuua familia yake, akaitengenezea trela mpya. Katika trela ya Ryang, baba ni mwandishi aliyekwama, mtoto ni mpweke anayetaka baba, na wote wawili wanajifunza kupendana. Akaweka sauti ya msimulizi mchangamfu na wimbo wa Peter Gabriel wa kuinua moyo. Ukiitazama unatabasamu. Unataka kumpeleka mama yako akaione.

Picha zote ni za Kubrick. Hakuna iliyoghushiwa. Na bado ile trela ni uongo mtupu, na inachekesha kwa sababu tunajua ni uongo.

Sasa igeuze upande wa pili. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alitengeneza trela ya Psycho inayozidi dakika sita. Haina kipande cha hadithi. Ni yeye mwenyewe, mzee mnene mwenye suti, anatutembeza kwenye ile nyumba na ile hoteli kama mwongoza watalii, anaonyesha ngazi, anaacha sentensi njiani, anafika bafuni. Anavuta pazia, mwanamke anapiga yowe. Na yule mwanamke si Janet Leigh, ambaye ndiye anayekutwa na balaa bafuni katika filamu. Ni Vera Miles kavishwa nywele za bandia. Kwa hiyo ukihesabu picha kwa picha, hapa ndipo pana udanganyifu. Lakini aliyetoka kwenye trela ile akaingia kwenye filamu hawezi kusema alidanganywa. Aliambiwa: kuna nyumba, kuna jambo baya, kuna bafu, na mimi ninayekupeleka nina utani wa ajabu. Yote yalikuwa kweli.

Hapo ndipo nilipofika mimi. Picha za kweli zinaweza kujenga uongo, na picha za uongo zinaweza kujenga kweli. Maana yake ni kwamba trela hatuipimi kama tunavyopima taarifa ya habari, kwamba hili lilitokea na hili halikutokea. Tunaipima kama tunavyopima ahadi. Na ahadi, kama tulivyofundishwa, ni deni. Tatizo letu ni kujua deni hili ni la nini hasa.

Wazee wetu walilijua jibu. Msimulizi anasema "Paukwa!", wasikilizaji wanajibu "Pakawa!" Kwingine tunajibu kabisa kwamba uongo na uje, utamu ukolee. Hebu fikiria uzuri wa jambo hilo. Tunaualika uongo kwa mdomo wetu. Sungura atazungumza, zimwi litameza kijiji kizima, na hakuna atakayesimama kulalamika, kwa sababu tulikubaliana mlangoni. Uongo wa ndani ya hadithi ni halali kwa sababu mlango ulikuwa wa kweli. Sasa msimulizi akisema uongo kwenye "paukwa" yenyewe je? Akikwambia njoo kuna ngano, ukakaa, ukajikunyata kama mtoto, halafu akakupa habari ya msiba? Huo si uongo ulioualika.

Nina mfano ninaoufikiria, na hauchekeshi. Mwaka 1977 Katherine Paterson alitoa riwaya ya watoto, Bridge to Terabithia. Aliiandika baada ya rafiki mdogo wa mwanawe kuuawa na radi mwaka 1974. Ni hadithi ya mvulana na msichana wanaojitengenezea ufalme wa kuwaza ng'ambo ya kijito, mpaka siku msichana anapokwenda peke yake, kamba inakatika, anafariki. Sehemu inayobaki ya kitabu ni mvulana anajaribu kuubeba mzigo ambao hata mtu mzima haujui uzito wake. Mwaka 2007 ikawa filamu, na mwana yuleyule wa mwandishi ndiye mmoja wa walioandika mswada. Filamu ni nzuri na ina uaminifu kwa kitabu. Lakini trela! Majitu, viumbe wanaoruka, msitu unaong'aa, muziki wa kwaya na ngoma za safari kubwa. Viumbe wale kwenye filamu wana dakika chache tu, na ni mawazo ya watoto wawili. Trela iliwafanya kuwa ndio filamu.

Niliitazama na binti wa dada yangu, alikuwa na miaka tisa. Mwaka ule nyumbani tulikuwa tumezika, na mama yake alikuwa anachagua kwa uangalifu mtoto atazame nini. Trela ndiyo iliyomtuliza. Ilipofika pale baba wa yule mvulana anapompa habari, mtoto hakulia. Aligeuka akaniuliza, "Mjomba, mbona hawakusema?"

Nimelifikiria sana swali lile, kwa sababu hakuuliza kwa nini msichana amekufa. Watoto wanajua watu wanakufa. Alichouliza ni cha mlangoni.

Najua kuna wa kunipinga, na hoja zao si za kuchekwa. Wa kwanza atasema: dawa chungu hutiwa sukari. Watoto wangapi wasingeiona filamu ile kabisa kama trela ingesema ukweli? Labda yule mtoto wako alihitaji kuona mtoto mwenzake akiomboleza. Nakubali kwamba huenda alihitaji. Ila anayetia sukari kwenye dawa ni mama, na mama anajua ni dawa. Hapa hata mama alipewa sukari tupu. Haki ya kuamua kama leo ndiyo siku ya kuzungumzia kifo na mtoto aliyetoka msibani, mtu asiyeijua ile familia aliichukua mkononi mwake ili kuuza tiketi. Hata kama matokeo yalikuwa mema, na kwetu hayakuwa mabaya, uamuzi haukuwa wake.

Wa pili ana hoja nzito zaidi. Atasema: basi unataka kuua mshangao? Huku mtaani tuna sheria kwamba steringi hafi. Hitchcock alimuua steringi wake filamu haijafika katikati, na ndiyo maana tunaizungumza mpaka leo. Hata riwaya ya Paterson haitangazi kifo ukurasa wa kwanza. Kwa nini trela itangaze?

Hili lilinichukua muda. Jibu langu ni kwamba kuficha si kudanganya. Kitabu cha Paterson kinaanza alfajiri, na mvulana wa familia isiyo na uwezo anayekimbia kwenye malisho ya ng'ombe. Ukurasa ule hausemi nani atakufa, lakini unakwambia umo katika dunia yetu hii, ambamo kamba hukatika. Mshangao unapokuja unauma, na ukirudi nyuma unaona mlango ulikuwa wa kweli. Hitchcock naye alificha nani na lini, hakuficha kwamba ni nyumba ya mauaji. Mshangao halali ni ule ambao, ukishatokea, moyo uliokuja nao unauweza, hata kama kwa shida. Trela ya Terabithia ingeweza kunyamaza kuhusu kifo. Haikulazimika kutupigia ngoma za safari.

Kwa hiyo deni la trela si matukio. Haikudai ituambie nani anaoa nani. Deni lake ni moyo wa kuja nao.

Cha ajabu, sheria imekwenda njia ya pili kabisa. Mwaka 2011 mwanamke mmoja wa Michigan alifungua kesi juu ya filamu ya Drive, akisema trela ilimwahidi filamu ya mbio za magari, naye akakuta magari kidogo na kimya kingi. Watu walimcheka, na mahakama zilimkatalia. Halafu watazamaji wawili walishtaki kuhusu Yesterday ya mwaka 2019, kwa kuwa mwigizaji Ana de Armas alikuwemo kwenye trela na hakuwemo kwenye filamu waliyoikodi kwa dola 3.99. Desemba 2022 jaji Stephen Wilson wa mahakama ya shirikisho huko California alisema kwamba trela ni tangazo la biashara na inaweza kushtakiwa kwa udanganyifu, ila kwa mambo yanayopimika tu, kama vile mwigizaji fulani yumo au hayumo. Matarajio ya moyo hayamo.

Naielewa mahakama. Huwezi kuweka huzuni kwenye mizani. Lakini ona matokeo yake: aliyekosa sura ya mwigizaji kwa dakika chache ana pa kuanzia kesi, na mtoto aliyeletewa msiba katika vazi la ngano hana. Sheria inalinda kile kinachohesabika. Kinachouma kimeachiwa dhamiri ya mtu aliyekaa kwenye chumba cha kuhariri, usiku, akichagua ngoma ipi aiweke chini ya picha ipi.

Na msidhani ukweli hauuzi. Mwaka 2010 Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, aliweka YouTube trela ya filamu yake Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa kwa fedha za kuokoteza. Helikopta zake unaona kabisa ni za kompyuta. Damu haina aibu. Na ndani ya filamu yenyewe kuna msimulizi, VJ Emmie, anapiga kelele za furaha kama mtu aliyekaa na wewe kwenye benchi. Hakuna kilichofichwa: ni umaskini, ni ngumi, ni kicheko. Ikasambaa dunia nzima, na walioitafuta filamu walikuta kilekile walichoahidiwa, kingi zaidi.

Sisi tunaoandika tusijitoe kwenye hili. Jalada ni trela. Sifa za mgongoni ni trela. Hata uhakiki tunaouandika ni trela. Ninapoandika kwamba riwaya fulani "inachekesha" kwa sababu kurasa kumi zake zinachekesha, nikanyamaza kuhusu mia mbili zinazochoma, kila neno langu litakuwa la kweli. Na mtu aliyempoteza mzazi wiki iliyopita atainunua kwa ajili ya kicheko.

Mtoto yule sasa ni mkubwa, na Terabithia ni moja ya hadithi anazozipenda. Kitabu alikisoma mwenyewe, miaka baadaye, akijua anaingia wapi.